Ng'ombe Wanaonenepa kwa Njaa

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Milembe Mahona huchota maji ya kijani kwa kichupa cha kioo, hukibandika kichupa hicho juu ya kalenda ya parokia iliyotundikwa barazani, kisha huitafuta tarehe ya siku kupitia kwenye maji. Akiiona wazi husema, "Bado." Akiiona kwa shida husema, "Wanakuja." Isipoonekana kabisa hutabasamu, na ndipo huenda kupiga mswaki. Mama yake alishazoea. Mgeni akishangaa, humwambia, "Mwache. Huyu haijui tarehe mpaka aitafute majini."

Nyumba yao iko pembeni ya mji wa Bariadi, karibu na barabara ya kwenda Dutwa. Mimi naishi upande wa pili wa ua wa minyaa. Ua ule unazuia mbuzi, hauzuii maneno, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia yakisemwa. Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe.

Milembe alisoma biolojia chuo kikuu, akaendelea mpaka shahada ya pili, na alipomaliza hakubaki Dar es Salaam kusubiri ajira. Alirudi nyumbani na kompyuta, darubini ya kuazima, na kazi ambayo majirani walichukua muda kuiamini kuwa ni kazi. Anachunguza mwani mdogo, vile viumbe vya kijani ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho, lakini kiangazi kikikaribia hulifanya lambo zima lionekane kama limemwagiwa rangi. Viumbe hivyo huishi kwa mwanga wa jua, kama mahindi, na ndani ya miili yao hutengeneza mafuta. Mafuta hayo yakikusanywa na kusafishwa yanaweza kuwashwa kwenye injini ya dizeli. Shida ni kwamba hutengeneza kidogo mno, na si kila wakati. Milembe anataka kujua ni wakati gani, na kwa nini.

Ili kujua, anatumia hesabu. Ndani ya kompyuta ameunda modeli ya umetaboli wa mwani, yaani ramani ya njia zote ambazo chakula hupitia ndani ya kiumbe kile kinapogeuzwa kuwa mwili, au nguvu, au mafuta. Aliwahi kunieleza kwa mfano wa kiwanda cha kuchambua pamba, kwa kuwa hapa kwetu hakuna asiyekijua. Pamba inaingia na mbegu zake. Upande wa pili yanatoka marobota ya nyuzi, magunia ya mbegu, na vumbi. Ukivipima vyote vilivyotoka, uzito wake lazima ulingane na ule ulioingia.

"Sasa ukikuta marobota ni mengi kuliko pamba iliyopita getini," alisema, "kuna mawili. Ama mizani ni mbovu, ama kiwanda kina mlango wa nyuma."

Mwani wenyewe aliuchota kwenye lambo moja jirani na Dutwa, akaufuga nyuma ya nyumba ndani ya machupa makubwa yanayopitisha mwanga, yale ya maji ya kunywa ya maofisini. Aliyapanga juu ya benchi karibu na zizi, akayaunganishia pampu ndogo ya hewa inayotumia umeme wa jua. Siku anayapanga, bibi yake alikuja akasimama kando, ndoo ya kukamulia mkononi.

Bibi Esteria ndiye aliyemzaa baba yake Milembe. Kwao ni Mwamapalala, kwenye watu wa ng'ombe, na mpaka leo ndiye anayekamua ng'ombe wa nyumba ile kwa sababu haamini mikono ya mtu mwingine.

"Mke mwenzangu," alimwita, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "maji haya machafu unayapeleka wapi?"

"Siyapeleki popote, bibi. Ni mifugo."

"Mifugo?"

"Wewe una ng'ombe wako zizini. Hawa ndio ng'ombe wangu."

Bibi aliinama, akachungulia ndani ya chupa. "Wana pembe?"

"Hawana."

"Basi hawatakusumbua." Akaenda zake kukamua.

Mwanzoni mwani wote ulilishwa mbolea, ukastawi. Kisha likaja jaribio lenyewe. Machupa ya kushoto yangeendelea kupata mbolea yenye naitrojeni. Ya kulia, ambayo Milembe aliyafunga utepe mwekundu shingoni, yangenyimwa kabisa. Modeli ilikuwa imeshatabiri kitakachotokea. Bila naitrojeni mwani hauwezi kujenga mwili, kwa hiyo ungeacha kuongezeka. Lakini jua lingeendelea kuwaka, nguvu ingeendelea kuingia, na nguvu hiyo isiyo na pa kwenda ingegeuzwa mafuta. Maji yangepauka, yangekuwa manjano.

Alilitangaza jambo hilo wakati wa chakula, ili mtu asije akashtuka akiona rangi inabadilika.

"Kuanzia leo, wale wa utepe mwekundu hawali."

"Wamekosa nini?" aliuliza Bibi Esteria.

"Hawajakosa kitu. Nataka tu wakae njaa."

Bibi alikata tonge la ugali, akalitazama, akalila polepole.

Siku zikapita, wiki zikapita, na machupa ya utepe mwekundu hayakupauka. Yalizidi kuwa ya kijani. Asubuhi Milembe alibandika kichupa kwenye kalenda, akatafuta tarehe, asiione. Safari hii hakutabasamu.

Kazi yake iko chini ya mradi wa chuo, na anayeuongoza ni Daktari Fredrick Ndaki. Daktari alikuwa akipiga simu mara kwa mara, na Milembe, ambaye mtandao humsumbua ndani ya nyumba, alikuwa akizungumza naye akiwa amesimama karibu na ua wetu.

"Modeli yako ilisema watakoma kukua," sauti ya Daktari ilitoka kwenye simu iliyowekwa wazi.

"Ndiyo, Daktari."

"Na hawajakoma."

"Hawajakoma."

"Basi modeli ina kasoro."

Milembe hakubisha. Alitafuta mlango wa nyuma. Alipima maji ya kisima. Aliosha mipira yote ya hewa. Alifunika midomo ya machupa kwa kitambaa safi, akihofia vumbi la mbolea au kinyesi cha ndege. "Hata kikombe changu cha chai amekipima," mama yake alimlalamikia mama yangu. Hakupata kitu.

Hapo Daktari Ndaki akaja na wazo, na lilikuwa wazo zuri. Kwenye mizizi ya choroko wanaishi bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Je, kama mwani wa lambo la Dutwa nao una wapangaji wa namna hiyo? Aliongeza njia hiyo moja kwenye modeli, na hesabu zikakaa sawa. Alipiga simu akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Unaelewa maana yake, Milembe? Mwani usiohitaji mbolea! Mkutano wa wafadhili uko Mwanza mwezi huu. Hii naipeleka."

Milembe alielewa maana yake vizuri kabisa. Mkutano ule ndio ungeamua kama kazi ya Bariadi itaendelea. Wakiwa na ugunduzi, ingeendelea kwa miaka, na ndani ya maombi hayo kulikuwa na nafasi ya masomo ya shahada ya udaktari yenye jina lake. Wakiwa na modeli iliyotabiri vibaya na basi, darubini na pampu vingerudishwa chuoni, naye angeanza upya kuzunguka na vyeti.

Hata hivyo kitu kimoja kilimkera. Kuikamata naitrojeni ya hewani ni kazi nzito, inayokula nguvu nyingi. Mwani unaojilisha hivyo ungekua taratibu. Huu ulikuwa unakua kama umewekwa karibu na jiko.

"Ni ghali sana, Daktari," alisema. "Wangekuwa wamechoka."

"Ni ghali, sawa. Lakini jua la Simiyu ni la bure." Daktari alicheka. "Usiogope kitu kizuri kwa sababu ni kizuri."

Wakati huo huo habari ikaja kutoka Mwamapalala kwamba Joyness, mjukuu mwingine wa Bibi Esteria, amejifungua. Bibi alifunga kitenge chake, akamkabidhi baba yake Milembe ng'ombe kwa maelekezo marefu kuliko safari yenyewe, akaondoka kwenda kumkanda mzazi.

Hakuwa amekaa sana huko pale machupa ya utepe mwekundu yalipoanza kubadilika. Kwanza yalipauka kama maji ya majani yaliyochemshwa mara mbili, kisha yakawa manjano. Milembe aliweka tone chini ya darubini. Ndani ya kila kiumbe alikuta vitone vinavyong'aa, kama mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi. Ndivyo hasa ilivyotabiriwa na modeli, ile ya kwanza, isiyo na wapangaji wowote. Alimwandikia Daktari. Daktari akajibu kwamba pengine baridi ya asubuhi imewadhuru wale bakteria, wataliangalia baada ya mkutano.

Siku moja kabla ya mkutano, mchana, bodaboda ilisimama nje. Bibi Esteria alishuka na mfuko wa michembe ya viazi vilivyokaushwa, kuku mmoja, na mgongo uliochoka.

"Mwadila," alisalimia.

"Mwadila, bibi. Joyness hajambo?"

"Mhola. Kazaa dume, linalia kama fisi." Hakukaa. Yeye akirudi safari huwasalimu ng'ombe kabla ya kunywa maji, kwa hiyo alipitiliza moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Kisha nikasikia sauti yake, na nadhani barabara nzima iliisikia.

"Milembe! We Milembe! Njoo uone ulichofanya!"

Milembe alikimbia. "Nini, bibi?"

"Nimeondoka kidogo tu, umewaacha na njaa mpaka wamekuwa hivi! Rangi gani hii? Ndama akitoa rangi hii unaita mganga!"

"Lakini bibi, hao ndio niliosema wasi..." Sauti yake ikawa ndogo. "Ulipokuwa hapa, walikuwa wanakula?"

"Wakae njaa nikiwa hapa? Mimi?"

"Ulikuwa unawapa nini?"

"Kila nikimaliza kukamua nafunua kitambaa, nawamiminia kidogo. Mkojo wa ndama, nautia maji, ule ule ninaomwagilia mchicha. Wale wa kushoto sikuwagusa, hao unawalisha mwenyewe."

"Bibi! Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?" Bibi alikuwa amekasirika kweli. "Kwetu ng'ombe wa mtu akikonda kwenye boma lako, hawachekwi wenye ng'ombe, unachekwa wewe. Nikalala na ng'ombe wenye njaa mgongoni mwa zizi langu? Na si wewe uliyesema ni ng'ombe? Ungesema ni maji, ningekuachia maji yako."

Kilichofuata nilidhani ni kilio. Nilipochungulia kwenye ua nikaona Milembe amekaa chini, kichwa kimeegemea mguu wa benchi, anacheka mpaka machozi. Mkojo wa ng'ombe umejaa naitrojeni. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa kila alfajiri, yeye akiwa bado kitandani, na aliyeufungua alikuwa akimfanyia hisani.

"Unacheka nini sasa?"

"Bibi, hawa wakikosa chakula ndipo wananenepa."

"Ng'ombe gani hao wa kunenepa kwa njaa? Nimechunga tangu sina meno ya mbele. Mwenye njaa huonyesha mbavu."

Milembe alifuta macho, akafikiri. "Maziwa yakiwa mengi na ndama ni wachache, unafanyaje?"

"Nasukasuka kwenye kibuyu. Natoa samli."

"Basi ndivyo. Jua ndilo linalowapa maziwa, nalo haliachi. Nikiwanyima mbolea hawawezi kuzaa, kwa hiyo hakuna ndama wa kuyanywa. Yanageuzwa samli."

Bibi aliyatazama machupa ya manjano kwa muda. Hasira ilikuwa inamtoka taratibu, kwa shingo upande. "Kumbe mimi nilikuwa nakuletea ndama," alisema, "wanamaliza maziwa."

"Ndiyo, bibi."

"Ungesema samli tangu mwanzo. Wasomi mnapenda kuzunguka."

Kicheko kilikwisha hapo, kwa sababu Milembe alikumbuka siku ya kesho. Daktari Ndaki alikuwa ameshafika Mwanza na kurasa zake zote kuhusu bakteria wapangaji. Milembe alikaa na simu mapajani. Bibi akajitafutia kigoda kando yake, akaanza kumenya karanga, bila kuuliza. Nilisikia simu ikiita, ikaita sana, ikapokelewa.

"Daktari, hakuna bakteria. Ni bibi yangu."

"Sikuelewi."

Akamweleza.

"Mkojo," alisema Daktari.

"Wa ndama."

"Milembe, nimeshawaambia wawili kati yao kwamba tuna kitu kipya. Unajua unachoniambia nikiondoe? Nafasi yako ya masomo imo humo humo."

"Najua."

"Tunaweza kusema bado tunachunguza. Si uongo huo."

"Tumeshamaliza kuchunguza, Daktari. Aliyefanya yuko hapa anamenya karanga."

Bibi akasogeza uso karibu na simu. "Mwambie simfahamu lakini namsalimu."

Daktari alivuta pumzi ndefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepoteza kitu alichokuwa ameshakishika. "Basi nipe kitu cha kusimama nacho. Siwezi kwenda mbele za watu na bibi peke yake."

Jioni hiyo ilikuwa ya kazi. Milembe aliirudia modeli yake ya kwanza, akaiuliza swali kwa kinyume: kama mwani umekua kiasi hiki, ni naitrojeni kiasi gani iliyoingia bila ruhusa? Ikampa jibu. Kisha akamwomba bibi achanganye mkojo na maji kama alivyozoea, amimine kwa kata yake ile ile, ila safari hii ndani ya chupa ya vipimo. Bibi alimimina kwa uangalifu wa mtu anayeapishwa. Milembe akapima, akapiga hesabu. Majibu mawili hayakulingana sawasawa, lakini yalikaribiana kama ndugu. Modeli haikujua kwamba kuna bibi, haikujua kwamba kuna ndama, na bado ilikuwa imekisia mkono wa bibi unamimina kiasi gani. Alituma namba zile Mwanza kabla giza halijaingia.

Mkutano ulikwendaje, Milembe alisimuliwa na Daktari mwenyewe. Wafadhili walicheka kwanza. Baadaye mmoja wao akaacha kucheka, akaomba arudishiwe ukurasa wenye namba. Miaka haikutolewa. Nafasi ya masomo ya udaktari haikutolewa, walisema asubiri. Uliotolewa ni msimu mmoja mwingine, vifaa vibaki Bariadi, na jaribio lirudiwe kwa machupa mengi zaidi, njaa ikiwa njaa kweli. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele, lakini pampu bado inanguruma nyuma ya nyumba, na siku hizi Daktari Ndaki akipiga simu huomba kwanza kumsalimia bibi.

Bibi mwenyewe ndiye mlinzi. Amezungushia benchi miiba kama ya zizi. Jirani akipita na ndoo ya maji karibu na machupa, humkemea kutoka mbali: "Hao wako kwenye samli! Usiwape kitu!" Mzee Ngassa, anayeuza pumba njia panda, alimuuliza kwa kejeli kama ng'ombe hao wa kijani wataendesha trekta lini. "Wewe pumba zako zimeendesha nini?" alijibiwa, na watu wakacheka mpaka akafunga duka mapema. Milembe yeye hatoi ahadi za trekta. Anasema kutoka kwenye vitone hivi mpaka injini ni mbali, na kwamba anayeijua njia hupotea mara chache zaidi.

Nilikuwa na swali moja, na nililibeba muda mrefu kabla sijalitoa, kwa kuwa mimi si mwepesi wa kuuliza watu mambo yao. Juzi alikuja kwetu kuazima kitabu. Alipokuwa anageuza kurasa mlangoni, nikapata ujasiri. Nilimuuliza kama siku ile, alipoiona bodaboda nje na baadaye akajua yote, alitamani bibi angechelewa kurudi kwa siku moja tu, mkutano upite kwanza.

Alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Nilitamani," alisema. "Nilitamani sana, mpaka Daktari alipopokea simu."